Utafiti Upo, Mchangani Haujafika

BARAKA: Wasikilizaji, karibuni tena. Leo dada Zuhura kaja amenuna, sijui kamkosea nani.

ZUHURA: Nyie makocha! Kijana wa miaka 16 anaumia goti, mnasema bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Mwaka 2008 Norway walichapisha matokeo ya utafiti wao: wasichana wanasoka zaidi ya 1,800, wa miaka 13 hadi 17. Vilabu vingine vilipasha mwili kwa utaratibu maalumu, vingine viliendelea na mazoea yao. Kwa waliofuata utaratibu, majeraha kwa jumla yalipungua karibu theluthi moja. Yale mabaya, ya kukaa nje mwezi mzima, yalipungua karibu nusu.

BARAKA: Si ndiyo ile 11+ ya FIFA?

ZUHURA: Ndiyo hiyo. Dakika 20. Mnakimbia taratibu, mnaingia kwenye nguvu na mizani: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua bila goti kuingia ndani. Mnamalizia kwa mbio fupi za kasi. Vifaa ni mpira na koni, basi.

BARAKA: Sawa, lakini hao ni Wanorway. Mchangani kwetu je?

ZUHURA: Nilijua utasema hivyo! Lagos, ligi ya vijana, timu 20, matokeo yalitoka 2014. Majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Lagos hiyo, kaka, si Oslo.

BARAKA: Hapo umenibana. Sasa mbona kwenye viwanja vingi sioni mtu akifanya?

ZUHURA: Kwa sababu tunadhani kuchapisha ni kufikisha. Kanada walijaribu njia tofauti za kuwapa makocha utaratibu huuhuu. Kuna walioachiwa tovuti wajisomee, kuna waliofundishwa ana kwa ana, kuna waliofundishwa kisha wakaongezewa mtaalamu wa kuwafuata hadi uwanjani. Wa tovuti ndio waliolegea. Na kocha akishafundishwa vizuri, yule mtaalamu wa uwanjani hakuongeza mengi.

BARAKA: Kwa hiyo kurusha linki kwenye grupu la WhatsApp…

ZUHURA: Watu wanaweka dole gumba, yameisha.

BARAKA: Ila na mimi nitetee makocha. Uwanja tunapewa kwa saa, timu nyingine iko pembeni inapiga miluzi. Nikitoa dakika 20 za kusimama mguu mmoja, vijana wananiuliza mpira uko wapi. Watafiti wanalijua hilo?

ZUHURA: Baadhi wamelisikia. Australia, 2019, waliichukua ile sehemu ya kati ya nguvu na mizani wakaipeleka mwisho wa mazoezi. Kupasha kukawa kufupi, timu zikafuata zaidi, na mzigo wa majeraha, yaani siku za kukaa nje, ukapungua kuliko kwa waliofanya yote mwanzoni.

BARAKA: Hilo sasa ndilo ninalolitaka mimi. Mtu kaja, kauliza kinachonikwamisha, kapanga upya. Si kuja na karatasi na kuondoka nayo.

ZUHURA: Na majibu mpewe, maana kuna watafiti wanaopima vijana, kisha wanaondoka moja kwa moja.

BARAKA: Basi Jumamosi njoo uwaonyeshe vijana wangu.

ZUHURA: Sitawaonyesha wao. Nitakufundisha wewe, uwafundishe wao kila wiki. Na uje na raba, kocha, siyo ndala.