Jinsi ya kuhesabu pointi za futiboli ya Kimarekani

Haya wadau karibuni, leo ni ubao na kalamu tu, nataka ukikesha na Super Bowl, ile fainali ya NFL, ligi kuu ya huko Marekani, saa nane na nusu usiku uwe unajumlisha mwenyewe bila kumsubiri mtangazaji. Uwanja napita haraka: mstari wa goli, nyuma yake endizoni yadi 10, mwisho kabisa nguzo zimesimama kama manati. Twende.

Tachidauni. Mchezaji akivusha mpira mstari wa goli, hata ncha yake tu, au akiudakia humohumo endizoni, andika 6. Watu wa raga najua mnasubiri augandamize chini kama trai, huku hamna hiyo, ukishavuka umevuka. Na ni SITA jamani, sio saba. Usiandike saba.

Subirini, mwanga wa dirisha unapiga ubao... nageuza kidogo... mnaona sasa? Hapo safi.

Baada ya hizo 6 wanapewa jaribio moja, saa imesimama, na hapa ndo penye utamu wenyewe. Wanaweza kupiga teke mpira upite katikati ya nguzo, juu ya ule mtambaa panya, wapate 1. Zamani lilikuwa teke la karibu mno, watu hawakosi, ndo maana 2015 NFL wakausogeza mpira nyuma mpaka yadi ya 15, teke linatoka yadi kama 33 toka kwenye nguzo na siku hizi wanakosa kweli. Au waanzie yadi ya 2, wakimbize au warushe mpaka ndani, wapate 2, NFL wanaruhusu hii tangu 1994. Mimi mnipe ya 2 kila siku, raha yake haifanani na teke.

Fildigoli, teke la kupita katikati ya nguzo mchezo ukiendelea, 3. Sefti, mwenye mpira kaangushwa ndani ya endizoni yake mwenyewe, wapinzani wanachukua 2 na mpira wanapigiwa wao tena, yaani unaumia mara mbili.

Sasa shika kalamu tuhesabu mechi ya kweli, Super Bowl ya Februari 2017 pale Houston. Falcons 28, Patriots 3. Patriots wanafunga tachidauni, andika 9. Teke la ziada likagonga nguzo! Inabaki 9, unaona kwa nini nasema usiandike saba? Ungekuwa na 10 saa hizi na hesabu yote imeharibika. Fildigoli, 12. Tachidauni, 18, wakaamua kwenda kwa mbili: Tom Brady, mrushaji wa Patriots, karuka juu kama vile mpira umempita kichwani, kumbe umeenda moja kwa moja kwa mwenzake James White, huyooo kaingia, 20. Zimebaki sekunde 57 tachidauni nyingine, 26, na teke hapa halisaidii kitu maana wanahitaji mbili, Danny Amendola kadaka kajipenyeza, 28 kwa 28. Bila zile mbili mbili mechi ilikuwa imeshaisha. Muda wa nyongeza, White tena, ongeza 6, na hapo mechi imekwisha palepale, hakuna teke la ziada la kupiga, kwa hiyo ubaoni ni 34, sio 35.