Mkeka, Shanga na Mtoto Asiyejua Kiingereza

MWANAIDI: Hamjambo wasikilizaji wetu, karibuni tena. Ni mimi Mwanaidi, mtu wa Tanga, mwaka wa 12 huu niko Minnesota, Marekani. Mwenzangu ni yule yule, mdogo wangu Asukulu, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma.

ASUKULU: Shikamoo dada. Hamjambo nyote huko mliko.

MWANAIDI: Marahaba. Tangu tulipogusia habari za shule, ujumbe wa sauti haujakatika. Wazazi wanauliza jambo moja: hizi shule za Montessori, yaani njia ya mtoto kujifunza kwa kushika vifaa na kujichagulia kazi, hizi za serikali zisizo na ada zinazoitwa chata, mbona watoto wanakaa chini wanacheza? Nikasema leo tusiite mgeni. Wewe umesoma humo, na mimi mwanangu yumo.

ASUKULU: Miaka minne. Niliingia nina miaka 8, nikatoka nina 12.

MWANAIDI: Hebu anzia siku ya kwanza.

ASUKULU: Siku ya kwanza nilikuwa na hofu ya kuulizwa swali. Nyarugusu tulisoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Tunabanana kwenye benchi, mwalimu anaandika ubaoni, darasa zima tunaitikia kwa sauti moja. Nikitoka pale nimejua kidogo Kifaransa, lakini Kiingereza sina hata neno. Sasa naingia darasani, sioni madawati ya kupangwa mistari. Watoto wa miaka 6 mpaka 9 wako pamoja. Mmoja amelala kifudifudi anaandika, wawili wamechuchumaa kwenye kona, mwingine anamwagilia mmea. Nikabaki mlangoni, sijui pa kukaa.

MWANAIDI: Mwalimu alikuwa wapi?

ASUKULU: Na mimi nilimtafuta! Alikuwa chini na watoto. Akaniona, akaja, hakunisemesha sana. Alichukua kijimkeka kilichokunjwa, akakitandika sakafuni polepole, akakilainisha kwa viganja, akanionyesha nikae. Dada, hapo ndipo nilipopumua. Kiingereza sikijui, lakini mkeka naujua. Bibi yangu alikuwa akitandika vile vile, na ole wako ukikanyaga na viatu. Hata kule darasani ni sheria: mkeka wa mwenzako huukanyagi, unauzunguka. Kazi iliyo juu yake huigusi mpaka mwenyewe akukaribishe.

MWANAIDI: Kumbe adabu ya nyumbani umeikuta ughaibuni.

ASUKULU: Kabisa. Halafu akaleta sinia la shanga. Akaniwekea ushanga mmoja kiganjani, wa rangi ya dhahabu. Akasema "moja" kwa Kiingereza. Akanipa shanga kumi zilizotungwa kwenye waya: kumi. Akanipa bamba la mraba, nyaya kumi kama ile zimeunganishwa: mia. Mwisho akanipa mchemraba wa shanga, elfu moja. Nilinyoosha mkono mmoja nikidhani ni mwepesi kama vile vingine, ikabidi niongeze wa pili. Mpaka leo ukiniambia "elfu", kabla sijaiona tarakimu nausikia ule uzito.

MWANAIDI: Eeh.

ASUKULU: Akaniwekea kadi. Moja imeandikwa 2000, nyingine 300, nyingine 40, nyingine 6. Akazipandanisha, zikawa 2346. Akanipa sinia tupu na kunionyesha rafu. Nikaenda, nikarudi na michemraba miwili, mabamba matatu, nyaya nne, shanga sita. Nilihesabu kwa Kifaransa kichwani, na hakuna aliyejua wala aliyehitaji kujua. Hakunipigia makofi, aliitikia kwa kichwa tu, akanipa kadi nyingine. Mtoto aliyetoka kambini, asiyeweza hata kuomba maji, saa nne asubuhi ameshaonyesha kwamba ana akili.

MWANAIDI: Hilo ndilo linalonigusa mimi. Maana mtoto mgeni katika shule nyingine anaweza kumaliza miezi akidhaniwa hajui hesabu, kumbe hajui lugha ya hesabu.

ASUKULU: Ndiyo hiyo. Na ukikosea, hakuna anayekuaibisha. Vifaa vyenyewe vinakuambia. Nimegawanya shanga kwa watu wanne, mmoja amepata pungufu, naiona kwa macho yangu. Narudia. Mwalimu yuko mbali anaandika kwenye daftari lake, ameniona, ananiacha.

MWANAIDI: Sasa nitoe la upande wangu, na ninalitoa wazi kwa sababu najua mzazi anayenisikiliza yuko pale pale nilipokuwa. Mwanangu alipoanza, kila siku nikimuuliza "leo umefanya nini?" ananijibu "nimefanya kazi". Kazi gani? "Nimesugua meza." Kesho yake? "Nimemimina maji." Moyo ukaniingia baridi. Nimevuka bahari, nafanya kazi zamu mbili, mwanangu anafundishwa kusugua meza! Shule ilikuwa inatuma barua ndefu kwa Kiingereza, hakuna mkutano wenye mkalimani, hakuna mtu aliyenikalisha akanieleza. Nilishachukua fomu za kumhamisha.

ASUKULU: Nini kilikuzuia?

MWANAIDI: Niliomba kukaa darasani asubuhi moja. Nikakaa kwenye kiti kidogo pembeni. Nikamwona mwanangu anachukua kibao chenye herufi iliyokatwa kwa karatasi ya msasa. Anapitisha vidole viwili juu ya herufi, taratibu, kama anavyoiandika, huku anatamka sauti yake. Msasa unamkwaruza kidogo, kidole kinajua njia. Ameipitia mara tatu. Kisha akaenda kwenye sanduku la herufi za mbao, akapanga neno. Akapanga "mama". Kwa Kiswahili, Asukulu! Hakuna aliyemwambia.

ASUKULU: Lo! Ulijizuiaje?

MWANAIDI: Nilitoka nje nikalia. Na ile meza nikaielewa pale pale: anasugua kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mizunguko midogo, mkono unapata nguvu na utulivu wa kushika penseli. Lakini nasisitiza, shule ilipaswa kunieleza mapema, kwa lugha ninayoielewa. Mzazi asiyeelezwa utamlaumu kwa nini akimtoa mtoto wake?

ASUKULU: Ni kweli, na bado linatokea. Dada, tuwaeleze wasikilizaji chata ni nini, maana wengine wanadhani ni shule ya kulipia.

MWANAIDI: Chata ni shule ya serikali kwa maana ya fedha: inaendeshwa kwa kodi na hailipishi ada. Tofauti yake inajiendesha yenyewe, ina bodi yake na mkataba, na mkataba ukivunjwa inaweza kufungwa. Jimbo la kwanza kupitisha sheria yake ni hapa hapa Minnesota, mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa St. Paul mwaka 1992. Haina ruhusa ya kumkataa mtoto kwa sababu hajui Kiingereza au ana ulemavu. Watoto wakizidi nafasi, inachezeshwa bahati nasibu.

ASUKULU: Wewe ulishinda?

MWANAIDI: Nilikosa. Nikaingizwa kwenye orodha ya kusubiri, nikaitwa mwishoni mwa Agosti nikiwa nimeshanunua sare za shule nyingine. Angalia, bahati nasibu hiyo hiyo iliyoniumiza mimi ndiyo iliyowasaidia watafiti. Angeline Lillard na Nicole Else-Quest walichapisha mwaka 2006 utafiti wa shule ya Montessori ya serikali kule Milwaukee. Waliwalinganisha watoto walioshinda nasibu na wale walioomba wakakosa, kwa hiyo wazazi wa pande zote mbili walikuwa na hamu ile ile. Wenye miaka 5 waliokuwa Montessori walikuwa mbele katika kusoma, hesabu na namna ya kutatua ugomvi. Wenye miaka 12, insha zao zilikuwa na ubunifu zaidi, ila kwenye mitihani ya kusoma na hesabu hawakuwa wamewazidi wenzao.

ASUKULU: Hilo la mwisho watu wanaliruka. Mimi silishangai. Mtihani wa jimbo tunafanya kama shule zote, kuanzia darasa la tatu. Nakumbuka ule wa kwanza: miaka miwili nimeshika shanga, leo nimewekwa mbele ya kompyuta, swali limejaa maneno, saa inahesabu. Sikuelewa nusu ya maneno, na alama zangu zilikuwa mbaya. Lakini hesabu yenyewe nilikuwa naiweza. Walimu wangu walijua, karatasi haikujua.

MWANAIDI: Na tusiwafiche wazazi, si kila kitu kinanyooka. Mtoto anachagua kazi, sawa. Mwanangu aliwahi kukaa wiki tatu anachora ramani tu, kitabu hagusi.

ASUKULU: Nilikuwa na rafiki wa hivyo. Alijua kujificha. Anakunja mkeka, anatandika mkeka, anachonga penseli, saa tatu za asubuhi zimekwisha. Mwalimu mzoefu humkamata siku ya pili, anamwita kwa upole, "njoo nikuonyeshe kitu". Mwaka mmoja tulipata mwalimu mgeni ambaye hakusomea njia hii, na darasa likawa soko. Uhuru wa Montessori unategemea mtu anayetazama. Asipotazama, mtoto mkimya ndiye anayepotea kwanza.

MWANAIDI: Ndiyo maana nawaambia wazazi wasidanganywe na bango. Jina Montessori halina mwenyewe, yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Uliza mwalimu amesomea wapi. Uliza kama darasa lina watoto wa rika tatu, na kama asubuhi wanaachiwa saa nyingi bila kukatizwa. Uliza basi linafika mtaani kwenu, maana hilo likikosekana yote hayo hayakufai. Na omba kukaa darasani.

ASUKULU: Kule nyumbani nako jina hilo limegeuka alama ya ada kubwa.

MWANAIDI: Dar na Nairobi ukisikia Montessori unashika mkoba. Ingawa Tanzania masista wa Kikatoliki wamefundisha walimu wa Montessori kwa miaka mingi, na wakaenda mpaka mikoani. Maria Montessori mwenyewe, aliyeianzisha njia hii, alikuwa daktari, na nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua Roma tarehe 6 Januari 1907, mtaa wa San Lorenzo, kwa watoto wa vibarua walioachwa peke yao mchana. Maskini ndio walioanza. Kwa hiyo mtoto wa mkimbizi akikaa kwenye ule mkeka bila kulipa ada, hajapewa sadaka, amekaa mahali palipotengenezwa kwa ajili yake.

ASUKULU: Hapo umesema, dada.

MWANAIDI: Nieleze kutoka kwako. Ulipohamia shule ya kawaida ilikuwaje?

ASUKULU: Ngumu kuliko kuingia. Kengele. Niko katikati ya jambo, kengele inalia, wote wanasimama. Siku ya kwanza penseli ilivunjika, nikainuka kwenda kuichonga, mwalimu akanifokea mbele ya watu kwa kutoomba ruhusa. Sikuwa mtundu, nilikuwa nimezoea kwamba mahitaji yangu nayashughulikia mwenyewe. Ilinichukua kama nusu mwaka. Kilichonisaidia ni kwamba nilijua kupanga kazi yangu. Nikipewa mradi wa wiki mbili wenzangu wanangoja usiku wa mwisho, mimi nimeshaugawa siku kwa siku.

MWANAIDI: Na wale watoto wakubwa na wadogo kuwa pamoja, ulipata nini humo?

ASUKULU: Kiingereza nilifundishwa na msichana wa miaka 9. Tulichukua mnyororo wa elfu, shanga elfu moja zimeungwa kumi kumi. Ukiunyoosha hautoshi darasani, unatoka mlangoni unaingia korido. Tukapiga magoti tunahesabu, kila tukifika mia tunaweka kitikiti cha karatasi chenye namba. Anataja, narudia. Nikikosea kutamka, ananisubiri. Tulianza baada ya uji, tukamaliza wakati wa chakula cha mchana, magoti yamechubuka. Watu wanapita wanaturuka, hakuna anayetuondoa. Mwaka uliofuata mimi ndiye niliyempigisha magoti mtoto mwingine, Msomali, amefika wiki ile.

MWANAIDI: Ukampokea kama ulivyopokewa.

ASUKULU: Nilimtandikia mkeka kwanza.

MWANAIDI: Mama yako aliichukuliaje shule? Hujawahi kutuambia.

ASUKULU: Mama hakusoma sana. Kambini alikuwa akiuza unga kwa kopo sokoni. Ukaja usiku wa wazazi, ambapo mtoto ndiye anamwonyesha mzazi kazi zake. Alikuja na kitenge chake kizuri, akasimama ukutani, hataki kukaa. Nikamtandikia mkeka. Akavua viatu, akakaa, akakunja miguu. Nikamletea shanga, nikamwonyesha: ukifikisha kumi, unabadilisha unachukua waya mmoja. Akanitazama, akasema, "Hii si ndiyo ya makopo na debe?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akaanza kubadilisha mwenyewe, kumi kwa mia, mia kwa elfu, haraka kuliko mimi. Mwalimu akapita, akachuchumaa pembeni yake, akanyamaza anatazama. Mama hakuinua kichwa. Akanyoosha mkono kwangu, akaniambia, "Leta ile nzito."