Mgongo kwa Uwanja: Mazungumzo na Vijana Wanaojiandaa Kwenda Ghuba

Vijana wangu, karatasi za visa wekeni chini kwanza. Mambo ya wakala tutayafikia. Leo naanza na saa za kazi, kama nilivyoanza na kundi lililowatangulia. Wapo wanaoniambia niuache wimbo huu. Siuachi.

Tarehe 18 Desemba 2022 nilikuwa ndani ya uwanja wa Lusail kule Qatar, fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ufaransa. Nikifika hapo watu hunipigia makofi. Ngojeni kwanza. Mlinzi wa jukwaani huwapa wachezaji mgongo, macho yake ni kwa watazamaji, na ndiyo kazi yenyewe. Fainali ile niliisoma nyusoni mwa watu. Mbele yangu aliketi mzee mwenye jezi ya Messi, anakula njugu. Dakika ya 80 Mbappé akafunga penalti. Mkono wa mzee ukaganda kati ya pakiti na mdomo. Dakika ya 81 Mbappé akafunga tena, na mkono ule ulikuwa bado haujafika popote. Mikwaju ya penalti niliihesabu kwa mabega yake, na ule wa mwisho wa Montiel ulipoingia, mzee akajifunika uso kwa skafu akalia kama mtoto. Kombe lenyewe nililiona kesho yake, kwenye simu, nikiwa kitandani kwenye kambi ya wafanyakazi.

Sasa sikilizeni hesabu. Basi la kambi lilituchukua saa nne asubuhi. Niliporudi kulala ilikuwa saa tisa usiku. Karatasi ya mshahara ya mwezi ule iliandika siku hiyo kuwa saa nane. Nane! Sheria ya kazi ya Qatar, ya mwaka 2004, inasema saa nane kwa siku, 48 kwa wiki, na hata ukiongeza ovataimu siku isipite saa kumi. Kila saa ya ziada ina nyongeza isiyopungua asilimia 25. Siku ya mapumziko ukiitwa kazini, upewe siku nyingine au ulipwe zaidi. Tena tarehe 18 Desemba ni Siku ya Taifa kule!

Kuna anayewaza hapa: sheria ni karatasi tu, mgeni atasikilizwa na nani? Nitakujibu kwa niliyoyaona. Chumbani tulilala sita. Mmoja wetu alikuwa na daftari la shule, la mistari, jalada la bluu. Kila usiku, hata akiwa hoi, aliandika: basi limeondoka saa ngapi, nimeingia lango lipi, nimetoka saa ngapi, msimamizi nani. Kila Alhamisi alilipiga picha akamtumia dada yake nyumbani. Tulipokwenda kulalamika, sisi watano tulikuwa na maneno, na maneno yetu yalijibiwa kwa karatasi za kampuni. Yeye alifungua daftari, ukurasa baada ya ukurasa. Akalipwa ovataimu yake. Sisi hatukulipwa.

Mwingine ananiambia Kombe lile limepita. Limepita Qatar. La 2034 ni la Saudia, na viwanja havijilindi wala havijifagii. Watakaosimama wakiupa mgongo uwanja ni ninyi na wadogo zenu.

Muda umekwisha, mengine nayataja tu. Pasipoti ni yako, usimwachie mwajiri. Qatar kima cha chini tangu Machi 2021 ni riali 1,000 kwa mwezi, na asipokupa malazi na chakula anaongeza 500 na 300. Ruhusa ya mwajiri ili uhame kazi ilifutwa 2020, na atakayekutisha kwayo anakutisha bure. Wakala mhakikishe ana leseni kabla hujampa hata shilingi. Mkataba usomwe wote, si ukurasa wa sahihi peke yake.

Madaftari yako mezani pale mlangoni, kila mtu achukue moja. Ukurasa wa kwanza uandike leo, kabla hujatoka: saa uliyofika hapa na saa unayoondoka.