Mzazi Wako Amestaafu? Mlete Uwanjani Tucheze Pikoboli, Nairobi

Habari zenu watu wangu, karibuni tena. Leo siko Tacoma, kule Marekani ninakoishi. Niko nyumbani, Buruburu, na hapa nyuma yangu ni uwanja wa kanisa ambao Jumapili hujaa magari. Leo Jumamosi asubuhi umejaa wazee. Hao mnaowasikia wakipiga kelele ni kaka yangu mkubwa na majirani zake. Mwenye umri mkubwa kati yao ni yule mwenye kofia nyeupe, ana miaka 71, alifundisha hesabu maisha yake yote, na hapa kila mtu anamwita Mwalimu. Mtazameni vizuri, nitarudi kwake.

Wanacheza pikoboli, kwa Kiingereza pickleball, mchezo wa kupigiana mpira kwa raketi juu ya neti. Mmekuwa mkiniuliza kwenye maoni ni mchezo gani huo ninaoucheza kule Marekani. Ulizaliwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, ng'ambo tu ya maji kutoka Seattle, jimbo hilohilo la Washington ninaloishi. Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walikuwa na watoto waliochoka kukaa bure wakati wa likizo, wakachukua uwanja wa badmintoni, raketi za tenisi ya meza na mpira wa plastiki wenye matundu. Jirani yao Barney McCallum akaingia, akakata raketi za kwanza kwa plaiwudi. Historia inatosha.

Mimi kazi yangu kule ni kutunza wazee. Ninawaosha, ninawalisha, ninawasaidia kusimama tena baada ya kuanguka. Ndiyo maana nikija nyumbani roho inaniuma nikiona tunavyowafanyia wazazi wetu. Mtu ametumikia serikali mpaka akatimiza miaka 60, amestaafu, na watoto wake kwa mapenzi kabisa wanamwambia, "Baba, pumzika." Ndoo ya maji asibebe. Dukani atumwe mtoto. Ngazi asipande. Anakaa kwenye kochi mbele ya televisheni, na miguu iliyompeleka kazini miaka yote hiyo inaanza kulegea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mwenye miaka 65 na zaidi anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu ya hapo, siku 3 au zaidi za mazoezi ya kuongeza nguvu na kusimama imara. Hayo ya kusimama imara ndiyo tunayasahau, na ndiyo yanayomzuia mtu asianguke bafuni.

Sasa njooni huku karibu. Uwanja ni futi 20 kwa 44, sawasawa na ule wa badmintoni wa watu wanne. Mistari hii ni chaki. Nguzo za neti ni mabomba ya chuma yaliyosimamishwa ndani ya mikebe ya rangi iliyojazwa simiti, kaka yangu alizitengeneza mwenyewe. Neti ni inchi 36 pembeni na 34 katikati, kwa hivyo huyu mama hapa anaivuta chini kwa kamba iliyofungwa kwenye jiwe. Raketi mbili nilizileta mimi, zilizobaki amezichonga fundi wa mbao wa hapahapa mtaani.

Huu mstari ulio futi 7 kutoka kwenye neti, kila upande, unazingira sehemu inayoitwa jikoni. Ukiwa umesimama jikoni, mpira ambao haujadunda huruhusiwi kuugusa. Kwa maoni yangu mchezo wote umekaa hapa. Kijana mrefu mwenye nguvu hawezi kuja kujibandika kwenye neti akawakandamizia wazee mipira. Tena mpira huanzishwa kwa mkono wa chini, chini ya kiuno, kwa hivyo bega lenye maumivu halisumbuki. Anayepokea lazima aache udunde, na ukirudishwa, aliyeanzisha naye lazima aache udunde. Hapo ndipo unaweza kuupiga hewani, ukiwa nje ya jikoni.

Mtazameni Mwalimu sasa. Anacheza na mpwa wangu wa miaka 24. Kijana amepiga mpira kwa nguvu zake zote. Mwalimu hajasogea, ameinua raketi tu mbele ya tumbo, kaishika kwa ulegevu, mpira umegusa na kuanguka pale jikoni upande wa pili. Kijana amekimbia, hajauwahi, umedunda mara ya pili. "Pole pole, mwanangu," anamwambia. Mchezo ni pointi 11, ushinde kwa tofauti ya mbili, na hapa tunahesabu pointi kwa upande unaoanzisha peke yake. Mwalimu anaongoza 9 kwa 4, na furaha iliyo usoni mwake mnaiona wenyewe.

Kitu kimoja kuhusu Nairobi: tuko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko ninavyozoea Tacoma. Pigeni taratibu. Na mwenye presha au moyo unaomsumbua aongee na daktari wake kwanza.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa akina mama ambao mifupa inaanza kudhoofika. Mpira ukipita juu ya kichwa chako, usirudi kinyumenyume. Kamwe. Hivyo ndivyo watu wanavyoanguka, wanajishika kwa kiganja, na kifundo cha mkono kinavunjika. Geuza mwili kwanza, mguu mmoja nyuma, kisha tembea ukitazama uendako. Ukiona huuwahi, uache, pointi moja si kitu. Kabla hamjaanza, fagieni changarawe yote. Raba za kukimbia zenye soli nene na laini ziacheni nyumbani, zinapinduka ukienda upande. Gikomba, kwenye soko la mitumba, mtapata viatu vyenye soli bapa na pana. Kikamate kiatu ukizungushe kama unakamua nguo, kikijinyonga kirahisi kirudishe.

Huyu mama wa sketi ya bluu alifiwa na mume wake, na majirani wanasema alikuwa hatoki nje. Leo ndiye aliyefika na funguo za geti kabla ya mtu yeyote. Mchezo wa watu wanne unakulazimu uje, kwa sababu usipokuja watatu wanakwama.

Nyinyi mlio ughaibuni, mkifunga sanduku la kuja nyumbani, wekeni raketi mbili na mipira ya nje, ile migumu yenye matundu 40. Ni nyepesi. Na nyinyi mlio Nairobi, nendeni kwa mchungaji au mwalimu mkuu wa shule jirani, ombeni uwanja asubuhi kwa muda wa masaa mawili. Kama mtaani kwenu tayari mnacheza, iwe ni Umoja, Lang'ata au Kahawa, niandikieni hapo chini mtaa, siku na saa. Nitayasoma yote kwenye video ijayo ili jirani yenu ajue pa kuwapata.