Lira, Shilingi na Ploti za Malindi

BAKARI: Assalam aleikum, karibuni kipindini kutoka hapa Malindi. Mimi ni Bakari, niko na dadangu Mwanaisha.

MWANAISHA: Waaleikum salaam, kaka Bakari. Hamjambo wasikilizaji. Leo tunazungumzia lira ya Italia na shilingi yetu. Msidhani ni mambo ya vitabuni. Lira imekufa, euro imechukua nafasi yake, lakini mikataba ya ploti walizouziwa Waitaliano hapa Malindi, iliyoandikwa kwa lira, ingalipo masandukuni, na watu wanakosana kwa ajili yake.

BAKARI: Tuchukue mfano. Mzee aliuza ploti upande wa Casuarina mwaka 1991, mkataba unasema lira milioni 10. Mzee ameshatangulia mbele ya haki. Mtoto mdogo anaukuta mkataba, anashika simu, anatafuta lira ni euro ngapi, kisha euro ni shilingi ngapi. Macho yanamtoka. Anamgeukia kaka yake aliyekuwa akimshughulikia baba: pesa zote hizi zilikwenda wapi?

MWANAISHA: Na kujumlisha kwake hakuna kosa, hapo ndipo penye hatari. Euro ilipoanza Januari 1999, lira ilifungwa nayo moja kwa moja: euro moja kwa lira 1,936.27. Milioni 10 zinatoa euro 5,165 hivi. Tukisema euro ni shilingi 150, ni zaidi ya laki saba na nusu. Lakini mwaka 1991 hakuna aliyelipwa hivyo. Euro yenyewe haikuwako!

BAKARI: Haya, tuipige inavyotakiwa. Polepole, tafadhali, kuna mtu anaandika.

MWANAISHA: Tunapitia dola, kwa sababu lira na shilingi zote mbili zilikuwa zikipimwa kwa dola. Wastani wa 1991, dola moja ilikuwa kama lira 1,240. Dola hiyo hiyo ilikuwa shilingi 27 na nusu. Gawa milioni 10 kwa 1,240, unapata dola 8,065. Zidisha kwa 27.5.

BAKARI: Laki mbili na... 222,000 hivi.

MWANAISHA: Naam. Kutoka laki saba na nusu mpaka laki mbili na ushee. Hiyo tofauti ndiyo inayomfanya mtu amwite ndugu yake mwizi.

BAKARI: Na kama mzee angeuza miaka miwili baadaye?

MWANAISHA: Mwaka 1993 dola ilikuwa wastani wa lira 1,573, na shilingi 58. Milioni 10 zile zile zinakuwa dola 6,357. Kwa shilingi ni kama 369,000.

BAKARI: Subiri. Lira imeanguka, dola zimepungua, na shilingi zimeongezeka?

MWANAISHA: Kwa sababu shilingi yetu ilianguka zaidi. Lira ilipigwa Septemba 1992, Italia ikalazimika kuitoa kwenye mpango wa Ulaya wa kushikanisha sarafu, wakati ule ule na pauni ya Uingereza. Sisi huku wahisani walikuwa wamefunga mkono tangu mwisho wa 1991, ukaja uchaguzi wa Desemba 1992 na pesa zikamwagwa, na kashfa ya Goldenberg, ile ya pesa za serikali kulipwa kwa dhahabu hewa, juu yake. Mwaka 1993 bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Mimi nasema wazi, zile 369,000 zilinunua vitu vichache kuliko 222,000 za 1991. Wingi wa noti usimdanganye mtu.

BAKARI: Turudi nyuma kidogo. Waitaliano walianza kurusha setilaiti pale Ngomeni, kwenye jukwaa la baharini la San Marco, mwaka 1967. Wakati huo?

MWANAISHA: Shilingi ya Kenya ndiyo kwanza imezaliwa, Septemba 1966. Dola ilikuwa shilingi 7.14, na lira 625. Kwa hiyo shilingi moja ilikuwa lira 87 na nusu. Kufika 1991 ni lira 45, na 1993 ni lira 27.

BAKARI: Kutoka 87 mpaka 27! Na lira yenyewe haikuwa ngumu.

MWANAISHA: Hata kidogo. Lakini kuna jambo nataka lisikike vizuri. Hizi zote ni wastani wa mwaka. Kabla maduka ya kuchenji pesa hayajaruhusiwa mwaka 1995, palikuwa na bei rasmi na palikuwa na bei ya soko, na mwaka 1993 wenyewe bei iliyumba sana, Machi si Desemba. Kwa hiyo wastani unakupa picha, hautoshi kumhukumu mtu. Tafuta tarehe kamili ya malipo. Tafuta risiti ya benki, hiyo ndiyo inayoonyesha bei ya siku ile. Reti za zamani za shilingi ziko Benki Kuu ya Kenya, na za lira ziko Benki Kuu ya Italia.

BAKARI: La mwisho. Kuna waliobaki na noti zenyewe, ile ya 1,000 yenye picha ya Maria Montessori, au ya 50,000 yenye Bernini. Zina thamani?

MWANAISHA: Benki hazizipokei. Serikali ya Italia ilifunga mlango tarehe 6 Desemba 2011, miezi michache kabla ya muda uliokuwa umewekwa mwanzoni. Wapo wanaokusanya noti za kale, lakini noti ya kawaida iliyokunjwakunjwa hawaitolei bei kubwa. Kwa hiyo mtu akikwambia mpe ada kwanza akakuchenjie Roma, usimpe hata shilingi.