Tumeridhia, isipokuwa...

Mwenyekiti kashanionesha kikaratasi cha dakika kumi, kwahiyo ile mikutano ya dunia ya wanawake, Mexico 1975, Nairobi 1985, naruka, mnaijua. Mi narudi kulekule kwenye CEDAW, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake. Najua kuna watu hapa wanasema huyu mama hana wimbo mwingine. Sina.

Mkataba ulipitishwa Desemba 1979, ukaanza kutumika Septemba 1981, leo nchi 189 zimo. Mtu akisikia 189 anapiga makofi. Hebu subiri! Usiishie kwenye saini, soma kile kikaratasi cha pembeni ambako serikali imeandika tunaridhia, isipokuwa. Hiyo isipokuwa ndo ugonjwa wenyewe. Chukua ibara ya 16, mambo ya ndoa: mwanamke achague mwenyewe wa kuoana naye, awe na haki sawa ndani ya ndoa na hata ikivunjika, awe na sauti kwenye watoto na kwenye mali. Yaani maisha yake ya kila siku, na ndo moja ya ibara zinazokatwa kuliko zote. Wengine wameenda hadi ibara ya 2, ile ambayo nchi inaahidi kufuta ubaguzi kwenye sheria zake, sasa ukiikataa hiyo umeridhia nini, jalada? Umepokea jembe ukarudisha mpini.

Naona mkono pale nyuma, ngoja nikujibu kabla hujauliza: kila nchi na mila zake, sio? Sawa, ila nani alikushikia kalamu? Ibara ya 28 ya mkataba huohuo inakataza isipokuwa yoyote inayopingana na lengo lake. Shida ni kwamba haina meno. Sweden na wenzake wanaandika barua ya kupinga, halafu barua yenyewe inamalizia kwamba pingamizi hili halizuii mkataba kutumika baina yetu, jamani! Bora hata Marekani, ilisaini 1980 na mpaka leo haijaridhia, angalau tunaiona imesimama nje.

Na msiniambie haiwezekani, Moroko ilifuta baadhi ya isipokuwa zake 2011, Tunisia 2014. Ile kamati ya wataalamu 23 inayosimamia mkataba huu inauliza kila ripoti ikija, mtaondoa lini? Wanajibiwa tunalifanyia kazi, tukutane miaka minne ijayo.

Mkutano wa wanawake wa Beijing 1995... haya, dakika moja. Maeneo yake 12 ya kufanyiwa kazi, yasomeni wenyewe. Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, mwaka 2000, wanawake kwenye meza za amani, nililiandalia kurasa tatu hizi hapa, mwenyekiti keshasimama. Haya, yule wa nyuma, uliza sasa.