Mgeni Njoo: Habari za Mji Mtakatifu wa Aksum

Wazee wangu, kina mama, vijana: asalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe. Nasalimia kote kote kwa makusudi. Mji ninaouleta jioni hii unawadai Waislamu na unawadai Wakristo.

Kabla sijaingia humu, kijana mmoja amenishika mkono pale mlangoni: "Mwalimu, tuambie jambo moja tu. Sanduku la Agano, lile la vibao vya Amri za Musa, limo Aksum au halimo?" Nimemwambia avute subira. Anayeanza na Sanduku hauoni mji.

Aksum iko Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, juu milimani, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliandika mwongozo wa mabaharia unaoitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea. Humo anasema ukishuka bandari ya Adulis, kwenye Bahari ya Shamu, mwendo wa siku nane unakufikisha Aksum, yanakokusanywa meno ya tembo. Mwongozo huohuo unateremka na pwani mpaka Rhapta, soko la mwisho la Azania, ndiyo pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwenye jahazi wa enzi hizo alituhesabu katika safari moja na wao.

Waaksum walikuwa watu wa mawe. Walichonga nguzo za jiwe moja mfano wa jumba la ghorofa, zenye madirisha, na chini mlango wenye kitasa. Mlango haufunguki, ni jiwe tupu. Iliyo kubwa kuliko zote ina urefu wa mita 33 na uzito unaozidi tani 500, nayo imelala chini vipande vipande. Wataalamu wengi wanaona ilianguka wakati wa kuisimamisha. Nyingine, ya mita 24, ilichukuliwa na Waitalia wa Mussolini mwaka 1937 wakaisimika Roma. Waliahidi katika mkataba wa mwaka 1947 kuirudisha. Ikarudi 2005! Mtu akikuambia mali ya mkoloni inarudishwa kwa barua ya heshima, mkumbushe miaka hiyo 58.

Lakini mawe hayakuufanya mji kuwa mtakatifu. Nguzo zile ni alama za makaburi ya wakubwa waliokuwa wakiabudu miungu mingine. Utakatifu wa Aksum uliingia na wageni, tena wageni wa shida.

Wa kwanza alikuwa mateka. Katika karne ya nne jahazi lilitia nanga pwani ya Bahari ya Shamu, wenyeji wakawaua waliokuwemo, wakawabakiza vijana wawili wa Tiro, Frumentius na nduguye Aedesius. Walipelekwa kwa mfalme, wakafanywa watumishi wa ikulu. Mfalme alipofariki na kumwacha mrithi mtoto, malkia aliwaomba wasiondoke, wamsaidie kuitunza nchi. Mtoto alipokua, Frumentius alikwenda Aleksandria kumwomba Askofu Athanasius awapelekee Wakristo wa Aksum mchungaji. Athanasius akaona hakuna wa kumtuma zaidi ya huyuhuyu aliyekuja kuomba. Akamwekea mikono, akamrudisha. Wahabeshi wanamwita Abba Salama, baba wa amani.

Matokeo yake unayashika mkononi. Sarafu za mwanzo za mfalme Ezana, aliyetawala Aksum karne hiyo, zina mwezi mwandamo na duara; za baadaye zina msalaba. Ni miongoni mwa sarafu za kwanza duniani kubeba alama hiyo. Sarafu haisemi uongo kirahisi: mfalme hageuzi alama ya fedha yake kwa kujaribu.

Wageni wa pili mnawajua. Takriban mwaka 615, Waislamu wa Makka walipozidiwa na mateso, Mtume aliwaelekeza Habasha, ndiyo nchi ya Aksum, kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Miongoni mwa waliotangulia walikuwamo Uthman bin Affan na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume. Makureshi, wakubwa wa Makka, hawakukubali. Wakamtuma Amr bin al-As na zawadi za ngozi, awadai wakimbizi wao. Sira, habari za maisha ya Mtume, inatueleza kwamba Najashi, ndiye mfalme huyo, alikataa kuwatoa bila kuwasikiliza. Akasimama Jaafar bin Abi Talib, akasoma mwanzo wa Surat Maryam, habari za Zakaria na Bi Maryam. Mfalme akalia mpaka ndevu zikalowa. Zawadi za Makureshi zikarudishwa zilivyokuja.

Hebu tutulie hapo kidogo. Hakuna jeshi lililowalinda wale watu, wala mkataba. Waliokolewa na mfalme wa dini nyingine aliyetaka kwanza kusikia. Alipofariki, Mtume alimswalia akiwa Madina, na ndiyo asili ya swala ya ghaibu, ya kumswalia maiti aliye mbali, mnayoiswali mpaka leo. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Najashi mwenyewe aliombewa dua na wale aliowahifadhi.

Sasa Sanduku. Hata lenyewe, kwa mapokeo ya Wahabeshi, ni geni. Kitabu chao cha Kebra Nagast, kilichopata umbo lake la sasa karne ya 14, kinasema Malkia wa Sheba alimzalia Sulemani mwana, Menelik, na msafara wa Menelik ukalichukua Sanduku kutoka Yerusalemu. Nasaba hiyo haikuwa hadithi ya jikoni: katiba ya Ethiopia ya mwaka 1955 iliitaja kuwa msingi wa ufalme wa Haile Selassie.

Linasemekana limo katika jengo dogo lenye uzio, kwenye viwanja vya kanisa la Maria wa Sayuni. Anayelikaribia ni mtawa mmoja tu, mlinzi wake mpaka kufa, asiyetoka nje ya uzio ule. Kijana wangu, mwanahistoria hana la kukuambia juu ya kitu asichoonyeshwa, na anayekuapia kwamba limo au halimo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ila kuna jambo ninalolijua. Kila kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia lina tabot yake, kibao kilichowekwa wakfu, na bila tabot jengo si kanisa. Waislamu neno hilo mnalisikia: ni ndugu wa "Tabut" ya Surat al-Baqara. Siku ya Timkat, sikukuu ya Ubatizo wa Yesu, mwezi wa Januari, makuhani hubeba tabot kichwani, imefunikwa kwa vitambaa, na watu husujudu mbele ya kitambaa. Kutokuonekana ndiyo heshima yenyewe.

Nisiwafiche jambo linaloniuma. Waislamu wa Aksum wameomba kwa miaka mingi kujenga msikiti mjini, wamekataliwa. Jibu wanalopewa ni kwamba Makka nako hakuna kanisa. Wakristo nao wana kumbukumbu yao: kanisa lao la zamani liliteketezwa karne ya 16 na majeshi ya Ahmad bin Ibrahim, imamu na jemadari wa Kiislamu wanayemwita Gragn, mwenye kutumia mkono wa kushoto. Kidonda nakielewa. Lakini kwa mji uliokwisha kumpokea Jaafar, jibu la Makka naliona dogo.

Novemba 2020 vita vilifika Tigray. Msikiti wa Negash, ambako Waislamu wanazuru kaburi la Najashi, uliharibiwa. Tarehe 28 na 29 mwezi huohuo mamia ya raia waliuawa Aksum. Amnesty International ilisema waliofanya hivyo ni wanajeshi wa Eritrea. Sikukuu ya Maria wa Sayuni ni tarehe 30, kwa hiyo waliosalimika waliamkia sikukuu wakiwa na maiti za kuzika.

Naona mkono wa kijana wangu wa mlangoni umeshapanda. Mpeni kipaza sauti.